Ukomo wa muda ni wa kuleta mgogoro, si wa kuupa jina

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi nchini Tanzania ana siku 30 za kufikisha malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, CMA. Kwa migogoro mingine ya kazi, kama vile mshahara uliozuiwa au mkataba uliovunjwa, siku ni 60. Muda huo umewekwa na Kanuni ya 10 ya kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, nami sina ugomvi nao. Migogoro ya kazi inapaswa kuwahi, maana aliyekatiwa mshahara hawezi kusubiri miaka, na mwajiri naye anahitaji kujua mapema kama ana shauri la kujibu au hana. Ninalobishania ni hatua inayofuata. Mfanyakazi amewahi, fomu yake imepokelewa na kugongwa mhuri siku ya 28. Wiki kadhaa baadaye inagundulika kwamba kisanduku alichoweka tiki sicho, au kwamba ameacha kutaja dai linalotokana na tukio lile lile. Je, aruhusiwe kurekebisha ilhali muda umekwisha? Jibu langu ni kwamba aruhusiwe, mradi yaliyotokea ni yale yale aliyoyaeleza tangu mwanzo. Akileta jambo jipya kabisa, apimwe kama anavyopimwa mtu mwingine yeyote aliyechelewa.

Fomu inayozungumzwa ni Fomu Na. 1 ya CMA. Ina mahali pa majina na anwani za pande mbili, orodha ya aina za migogoro pamoja na visanduku vyake, nafasi ya kueleza kwa ufupi kilichotokea, na nafasi ya kutaja kile ambacho mlalamikaji anataka kipatikane. Kisha ipo Sehemu B, inayojazwa na anayelalamikia kuachishwa kazi, ambamo anaeleza kwa nini anaona sababu au utaratibu uliotumika haukuwa wa haki. Kwa mtu ambaye juzi tu amekabidhiwa barua na kutakiwa arudishe kitambulisho cha kazini, hiyo ni karatasi ya kutoa taarifa. Kwa sheria ni hati ya madai. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imekwisha kueleza katika mashauri kadhaa kwamba wahusika wanafungwa na yaliyoandikwa humo, na kwamba mwamuzi hawezi kumpa mtu asichokiomba. Tiki moja ya kalamu ya wino, iliyowekwa kaunta na mtu asiye na wakili, inakuwa na uzito sawa na hati iliyoandaliwa ofisini na mawakili watatu.

Na ni rahisi sana kuiweka tiki hiyo pasipostahili. Mtu aliyefanya kazi miezi minne akafukuzwa bila kusikilizwa atasema, kama ambavyo yeyote angesema, kwamba ameachishwa isivyo haki. Lakini Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtoa kwenye ulinzi huo mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, hivyo njia iliyobaki kwake ni kudai kuvunjwa kwa mkataba. Mwenye mkataba wa muda maalumu wa miaka miwili, aliyeondolewa mwaka wa kwanza, naye huenda akatakiwa kuweka tiki kwenye kuvunjwa kwa mkataba na kudai mishahara ya miezi iliyobaki, badala ya kudai fidia ya kuachishwa isivyo haki. Hawa wote wanaeleza tukio moja: siku fulani nilipewa barua hii, kwa sababu hii, baada ya kikao hiki au bila kikao chochote. Kinachobadilika ni mlango wa kisheria wanaopaswa kuingilia, na kuuchagua ni kazi inayowatoa jasho hata wanasheria.

Tuufuate sasa muda wenyewe, maana hapo ndipo ubaya unapoonekana. Mtu ameachishwa tarehe 1 ya mwezi, akahangaika kutafuta ushauri, akawasilisha fomu siku ya 28. Sheria inampa msuluhishi siku 30 za kujaribu kuzipatanisha pande mbili, isipokuwa zenyewe zikikubaliana kwa maandishi kuongeza. Usuluhishi ukishindikana siku ya mwisho, tumefika siku ya 58. Siku 30 za kulalamikia kuachishwa zimekwisha kitambo, na za kuvunjwa kwa mkataba zimebaki mbili. Shauri linakwenda kwa mwamuzi, mwajiri anaweka wakili, wakili anaisoma fomu kwa jicho la kitaalamu na kuibua pingamizi la awali kwamba dai limeletwa chini ya kichwa kisichostahili. Kosa limeonekana kwa mara ya kwanza siku ya 75 au ya 90. Hapakuwa na uzembe wa mtu katika safari hiyo. Utaratibu wenyewe umepangwa kiasi kwamba anayeweza kuliona kosa anaingia shaurini baada ya muda wa kulisahihisha kupita. Kumwambia mlalamikaji kwamba angerekebisha mapema ni kumlaumu kwa ratiba ambayo hakuipanga.

Uingereza wameishi na tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne, na mashauri yao yanatupa ushahidi wa nini kinafaa na nini hakifai. Huko madai ya kazi husikilizwa na mabaraza ya ajira, na kwa miaka mingi muda wa kuwasilisha mengi ya madai hayo umekuwa miezi mitatu. Mwaka 1974, katika shauri la Cocking dhidi ya Sandhurst, ilielezwa kwamba baraza linaloombwa kuruhusu marekebisho litazame mazingira yote ya shauri, hasa madhila yatakayompata kila upande likiruhusu au likikataa. Mwaka 1996 likaja shauri la Selkent, kampuni ya mabasi. Mfanyakazi aliyekuwa amedai kuachishwa isivyo haki aliomba baadaye kuongeza kwamba aliondolewa kwa sababu ya mambo ya chama cha wafanyakazi. Jaji Mummery, katika ngazi ya rufani, alimkatalia, na akataja mambo ya kupimwa: marekebisho ni ya aina gani, je, muda wa dai jipya umepita, na ombi limeletwa lini na kwa namna gani. Ukiyatazama mazingira, uamuzi ule una mantiki. Fomu ya mwanzo haikuwa na habari yoyote ya chama. Kuliingiza dai lile kungemtaka mwajiri ajibu tuhuma ya nia mbaya ambayo hakuwahi kuisikia, huku mlalamikaji akiwa bado na dai lake la kwanza la kuendelea nalo.

Tatizo lilikuja kwa namna Selkent ilivyotumika baadaye. Mambo yale matatu, ambayo Jaji Mummery aliyataja kama mifano, yaligeuka katika mikono ya wengi kuwa orodha ya kuwekea tiki: dai ni jipya, muda umepita, ombi limechelewa, basi limekataliwa. Mahakama ya Rufani ililazimika kurekebisha mwelekeo mwaka 2013, katika shauri la wafanyakazi wa kampuni ya majiko ya Aga Rangemaster. Jaji Underhill alieleza kwamba haisaidii kubishana kama dai lina kichwa kipya au la. La kutazamwa ni umbali kati ya maswali yatakayochunguzwa chini ya dai la zamani na yatakayochunguzwa chini ya dai jipya. Kadiri umbali unavyokuwa mdogo ndivyo ruhusa inavyopaswa kuwa rahisi. Mwaka 2020, katika shauri la Vaughan dhidi ya Modality Partnership, Jaji Tayler alizitaka pande zote zieleze madhara halisi. Mlalamikaji aeleze atapoteza nini akikataliwa. Mwajiri aseme ni shahidi gani ameondoka, ni kumbukumbu gani imepotea, ni gharama gani imeongezeka. Asiye na la kutaja zaidi ya kalenda, hana madhara ya kuonyesha.

Safari hiyo ya Waingereza inafundisha kwamba kipimo cha jina la dai kinazaa ubishi wa maneno na kumwadhibu asiye na wakili, ilhali kipimo cha yaliyotokea kinamlinda mwajiri pale anapohitaji kulindwa kweli. Wala hatuhitaji kwenda London kukipata kipimo hicho. Jirani zetu wa Kenya wamekiandika. Amri ya 8 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 inaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hati ya madai irekebishwe hata baada ya muda wa ukomo kupita, na hata kama marekebisho yanaleta msingi mpya wa madai, mradi msingi huo umetokana na mambo yale yale, au kwa sehemu kubwa yale yale, ambayo tayari yalikuwa mbele ya mahakama. Kwetu, Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi yanayoikwamisha haki yenyewe, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mawakili wetu hawachoki kutaja kanuni ya oksijeni, inayotaka mashauri yasikilizwe kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Kama oksijeni hiyo inawafikia wenye mashauri ya mabilioni, haitakosa kumfikia mlinzi aliyekosea kisanduku.

Waajiri wana hoja, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Wanasema ukomo wa muda upo kwa ajili ya ushahidi: meneja aliyesimamia kikao cha nidhamu amehama, katibu aliyeandika muhtasari amestaafu, kumbukumbu zimesahaulika. Dai likibadilika baada ya miezi, wanajikuta wakijitetea mikono mitupu. Lakini hoja hii ina nguvu pale tu ambapo mambo yaliyotokea yamebadilika. Mwajiri aliyepokea Fomu Na. 1 inayosema aliachishwa fulani, tarehe fulani, kwa sababu fulani, anajua tangu siku hiyo ni faili gani la kulitunza na ni watu gani wa kuwauliza. Tena Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kimemtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki, hivyo barua ya tuhuma, muhtasari wa kikao na barua ya mwisho vilitakiwa viwe mezani kwake kwa vyovyote vile. Jina likibadilika kutoka kuachishwa isivyo haki kuwa kuvunjwa kwa mkataba, karatasi ni zile zile na mashahidi ni wale wale. Mwajiri mwenye shida ya kweli ataitaja kwa jina la shahidi au la waraka, na hapo mwamuzi atakuwa na sababu ya kukataa.

Hoja ya pili ni ya nidhamu. Tukiruhusu marekebisho, wanasema, kila mtu atapeleka fomu nusunusu akijua ataijaza baadaye kwa kadiri atakavyoona upepo unavuma. Hofu hiyo hata Uingereza wanayo. Katika shauri la mwaka 2014 lililomhusu mfanyakazi wa ndani aliyetoka India, Jaji Langstaff alionya kwamba fomu ya madai si kitu cha kuanzishia tu safari na kuongezewa nyama njiani. Humo ndimo mwajiri anaposomea kile anachotakiwa kujibu. Nakubaliana naye, na ndiyo maana naweka mpaka kwenye yaliyotokea. Aliyeandika kwamba hakulipwa mshahara wa mwezi wa mwisho hawezi kuja miezi mitano baadaye na kisa cha unyanyasaji wa kijinsia cha mwaka uliotangulia na kukiita rekebisho. Hilo ni shauri jipya, lina mlango wake, na mlango huo ni ombi la kuongezewa muda lenye maelezo ya kwa nini limechelewa. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika shauri hilo hilo la Jaji Langstaff, dai la ubaguzi wa tabaka lililokuwa limeongezwa kwa marekebisho halikufutwa kama waajiri walivyoomba. Onyo lake lilikuwa dhidi ya uholela, na marekebisho yanayosimama juu ya yaliyokwisha kuelezwa si uholela.

Ya tatu inatoka kwa wanasheria wenzangu wa upande wa utaratibu, ambao watasema tayari tuna dawa. Kanuni ya 11 ya kanuni zile za Tangazo la Serikali Na. 64 inamruhusu aliyechelewa kuomba asamehewe, na inataja vigezo: amechelewa kiasi gani, kwa sababu gani, ana nafasi gani ya kushinda, na upande wa pili utaumia vipi. Basi aondoe fomu, aombe muda, aanze upya. Hii ni dawa ya ugonjwa mwingine. Kanuni ya 11 imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakufika, na inamlazimisha aliyefika siku ya 28 ajieleze kama mtoro. Isitoshe, kuanza upya ni kurudi kwenye ombi la maandishi lenye kiapo, majibu ya kiapo, uamuzi mdogo, usuluhishi wa pili wa jambo lililokwisha kushindikana kusuluhishwa, kisha mwamuzi. Mwajiri analipa wakili mara mbili, Tume inasikiliza mara mbili, na aliyekosa mshahara anasubiri mara mbili. Pengine pingamizi linapita bila kuonekana CMA, tuzo inatolewa, na kasoro ya fomu inaibuliwa Mahakama Kuu kwenye maombi ya mapitio. Kazi ya mwaka mzima inaweza kufutwa kwa kitu ambacho msuluhishi angekimaliza kwa dakika kumi.

Wako pia watakaosema suluhisho ni kurefusha muda tu. Uingereza imepitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2025 inayokusudia kuufikisha muda wa madai ya kazi miezi sita badala ya mitatu, na ni hatua njema kwa wanaochelewa kwa ugonjwa, kwa ukosefu wa ushauri au kwa kusubiri rufaa ya ndani ya kampuni. Lakini kurefusha muda hakugusi kosa la jina. Anayeamini kwamba amejaza sawasawa ataendelea kuamini hivyo siku ya 30, ya 60 na ya 180, hadi mtu mwenye ujuzi aisome fomu yake. Tunaweza kuongeza siku kadiri tutakavyo. Kama usomaji wa kitaalamu unakuja baada ya usuluhishi kushindikana, kosa litazidi kuonekana kwa kuchelewa.

Linabaki suala la hiari ya mwamuzi, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Kumwachia kila mwamuzi apime haki na madhila kwa busara yake kunaweza kuzaa hali ambapo kosa moja linasamehewa Mwanza na kukataliwa Mbeya. Hii ni hatari ya kweli, na dawa yake ni kuiandika hiari hiyo. Kanuni zitamke kwamba kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa, marekebisho yanayobadilisha kichwa cha dai au nafuu inayoombwa, bila kubadilisha yaliyotokea, yataruhusiwa isipokuwa mwajiri aonyeshe dhara mahususi. Ushahidi ukianza, mzigo uhamie kwa mlalamikaji aeleze kwa nini hakuomba mapema. Tuzo ikitolewa, mlango ufungwe. Jambo jipya kabisa lipimwe kwa vigezo vya Kanuni ya 11. Na pale ambapo sababu za kuchelewa zimefungamana na ushahidi wa shauri lenyewe, mwamuzi aruhusiwe kulipokea na kuliweka kiporo swali la muda hadi mwisho, kama lilivyoelekeza Baraza la Rufani la Ajira la Uingereza mwaka 2017 katika shauri la Galilee. Mwajiri apewe siku za kujibu kila marekebisho yanayoruhusiwa, na kila uamuzi, wa kukubali au kukataa, utolewe kwa maandishi ukiwa na sababu zake.

Lakini zaidi ya yote, usomaji wa kitaalamu uje mapema. Msuluhishi ndiye ofisa wa kwanza mwenye ujuzi kukutana na pande zote mbili, na mara nyingi muda wa siku 60 haujaisha anapokutana nazo. Apewe wajibu, katika kikao cha kwanza kabisa, wa kuuliza maswali machache: umefanya kazi hapo muda gani, mkataba wako ni wa aina gani, barua yako ina tarehe ipi, unataka nini. Majibu yakionyesha kwamba kichwa cha dai sicho, kirekebishwe pale pale mbele ya mwajiri, pande zote zitie saini, na shauri liendelee. Hatua hiyo haimpendelei mfanyakazi, kwa sababu mwajiri naye anaondoka akijua hasa anachodaiwa, na anaweza kuamua siku hiyo hiyo kama anapatana au anapambana. Yanayoweza kumalizwa kwa usuluhishi yatamalizwa yakiwa na jina sahihi, na yatakayofika kwa mwamuzi yatabishaniwa kwa swali lililomleta mfanyakazi kwenye Tume: je, alivyoondolewa kazini ilikuwa haki?